Kipimo cha Mtu wa Kawaida

Shemeji yangu hakuweza kukaa mahali penye tatizo akatulia, na mahali pasipo na tatizo alihakikisha linapatikana. Mtaani walimpachika jina la Bwana Tatizo, na si kwa ubaya sana. Alikuwa na tabia ya kusimama kwenye mlango wa mtu, mikono nyuma, akasalimu, kisha akauliza, "Hapa mnasumbuka na nini?" Ukimwambia hamsumbuki na kitu, alikusikitikia. Ukimwambia mnasumbuka na dirisha lisilofunga, umejiponza mwenyewe, kwa sababu baada ya wiki mbili dirisha lingekuwa na kamba tatu, kapi mbili na jiwe la kilo moja. Lingefunga kweli, ila kulifungua ingebidi aitwe yeye.

Nilimjua kwa karibu kuliko nilivyotaka. Ni mume wa dada yangu mkubwa, na mimi niliishi kwao, kwenye chumba cha uani, tangu nilipopata kazi ya ukarani wa masjala. Kazi yangu ni kujua kila faili limewekwa wapi na kulikuta palepale kesho yake. Mtu wa namna hiyo hafai kuishi na mvumbuzi. Asubuhi niliacha ndoano ya taulo ukutani, jioni nikarudi nikakuta ndoano imekuwa sehemu ya mtambo na taulo langu linasubiri kwenye kigoda.

Dada ni dobi. Anafua na kupiga pasi nguo za watu katika vyumba viwili vya mbele, na ndiye aliyekuwa akiiendesha nyumba tangu Shemeji alipoacha kazi ya ufundi mitambo katika kiwanda cha sabuni. Hakufukuzwa. Aliacha mwenyewe, kwa maelezo kwamba kiwandani matatizo yote yalishatatuliwa na waliounda zile mashine, yeye amebaki kupaka grisi tu. Dada hakupiga kelele. Alimtazama, akaendelea kukamua shuka la mteja, akamwambia anampa miaka miwili.

Sasa miaka miwili ilikuwa inafikia ukingoni. Msimamizi wa kiwanda alimkumbuka sana Shemeji, maana hakuna mwingine aliyeweza kuituliza mashine ya kukatia miche ya sabuni bila kuipiga teke. Akatuma salamu kwamba nafasi yake iko wazi tena, na atamshikia hadi Jumatatu. Jumamosi inayotangulia kulikuwa na maonyesho ya wavumbuzi katika ukumbi wa manispaa. Dada akapanga mambo jinsi anavyopanga nguo za wateja, kila kitu na fungu lake. Shemeji apeleke kitu kimoja tu, kilicho bora kuliko vyote. Akitokea hata mtu mmoja wa kukitaka, abaki na karakana yake. Asipotokea, Jumatatu saa moja asubuhi avae ovaroli arudi kwenye grisi, na vyuma vyote viondoke uani.

Shemeji alikubali kwa sauti ndogo. Kisha akaenda karakanani, akakaa akishika tama, akivitazama vyuma vyake kimoja kimoja. Nilipita pale kuchukua ndoo nikamwonea huruma, pamoja na yote aliyonifanyia.

Na alinifanyia mengi. Uvumbuzi wake ulinitesa mimi peke yangu nyumba nzima. Chukua kitasa cha mlango wa uani. Alikiunda ili mtu aliyebeba beseni la nguo mbichi aufungue mlango kwa kiwiko bila kutua mzigo. Dada alipita pale mara arobaini kwa siku, kiwiko kinagusa, mlango unaachia, huyo amepita. Mimi nikijaribu, kitasa kilinichoma nyonga. Ilibidi nijipinde upande, niiname, nisukume kwa ubavu, na mara mbili nilijimwagia beseni zima miguuni. Shemeji akanieleza kwa upole kwamba tatizo langu ni papara.

Kisha kamba ya kuanikia. Hiyo, sitaki kusema uongo, ilikuwa na akili. Ilipita kwenye kapi, mwishoni ikafungwa uzito, na uzito ukazuiliwa na kipande cha chumvi ya mawe ndani ya kikapu cha waya. Mvua ikishika, chumvi inayeyuka, uzito unaanguka, kamba nzima na nguo zake inakimbia yenyewe hadi chini ya paa. Dada akasahau kabisa habari ya kutoka mbio kuanua nguo. Lakini kamba ilikimbia juu kidogo ya kichwa cha Dada, kwa hiyo mimi ilinikuta shingoni. Siku ya kwanza ilinikokota kutoka mlango wa choo hadi jikoni nikiwa nimekumbatia suruali ya mteja. Fundi viatu wa ng'ambo ya njia, ambaye ulimi wake haujui likizo, alitangaza kwamba ameishi miaka mingi lakini ndiyo kwanza anaona karani akienda kwa kasi.

Sitaki hata kuanza habari ya meza ya pasi, ambayo waya wake ulinipita kifuani kila nilipopiga pasi blauzi yangu. Nilikwishakata shauri moyoni kwamba Shemeji ni mtu mwema asiyejua kazi yake. Nililisema pia, kazini, mbele ya watu, nikawachekesha.

Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa moja. Akipata wazo alimwita mkewe, "Mke wangu, njoo mara moja." Dada alikuja na povu mikononi, akasimama alipoonyeshwa, naye akampima kwa chaki na futi kamba: kiwiko kinafika wapi, bega liko wapi, akishika kitu anakishikaje, akigeuka anaanzia upande gani. Yote aliyaandika kwenye daftari lenye jalada jeusi, na juu ya ukurasa wa kwanza palikuwa na maneno kwa herufi kubwa: KIPIMO CHA MTU WA KAWAIDA. Kisha aliunda, akamwita tena, akarekebisha, akamwita tena, hata mara thelathini, mpaka Dada afanye kile kitu huku akisimulia habari nyingine kabisa, bila kukitazama. Hapo ndipo alipopiga makofi akasema kimeiva. Dada alinung'unika kila alipoitwa, na hakuna siku aliyoitwa akakosa kwenda.

Kitu alichokichagua kwa maonyesho alikiita Kamulio. Lilikuwa na rola mbili za mpira zilizobanana juu ya miguu ya chuma, na mpini wa baiskeli wa kuzungushia. Unaingiza nguo mbichi upande huu, inatoka upande ule imekaribia kukauka, na maji yanashuka kwenye kijimfereji hadi kwenye ndoo. Kwa kuwa mablanketi mazito yana tabia ya kurudi nyuma, alifunga gurudumu la meno linaloziruhusu rola kwenda mbele tu. Chini kulikuwa na kifyatuo kidogo cha kuzifungua. Mablanketi yaliyokuwa yakimtoa Dada jasho asubuhi nzima, yakawa kazi ya muda wa kuchemsha chai.

Jumamosi tulilipakia Kamulio kwenye mkokoteni. Shemeji alivaa koti lake la harusi, ambalo lilikuwa bado linamtosha mabegani tu. Njiani alitueleza msimamo wake. Yeye hatalionyesha Kamulio, wala Dada asiliguse. Kitu kilichoundwa vizuri, alisema, kinajieleza chenyewe. Majaji watalishika kwa mikono yao, watalielewa, na hapo ndipo watakapojua wamekutana na nani. Dada akamwambia sawa, yeye atasimama nyuma na mkoba wake. Lakini nilimwona akiukaza ule mkoba, nikajua naye roho iko juu juu.

Majaji walikuwa watatu. Mkuu wao alikuwa mwanamume mrefu wa kuinama milangoni, suti safi, tai ndefu ya hariri. Wa pili mwanamke mwenye miwani na kalamu sikioni. Wa tatu alikuwa na njaa, hakufanya lolote ila kutazama saa. Watu walijaa nyuma yao, maana walisikia kuna mashine ya maji, na mashine ya maji huwa haimwachi mtu akipita.

Shemeji akawakaribisha, akawaonyesha ndoo yenye mataulo mabichi, akarudi hatua mbili, mikono nyuma.

Jaji mkuu alichukua taulo akaliingiza kwenye rola. Mpaka hapo hewala. Kisha mkono wake wa kulia ukatafuta mpini, ukakuta hewa. Akauona uko upande wa pili. Akanyoosha mkono kuvuka kifua chake, haukufika vizuri, akaamua kuzunguka asimame upande wa kule. Upande wa kule ndiko kijimfereji kilikoelekea. Ilibidi ainame sana, kwa sababu mpini ulikuwa chini ya mapaja yake, akaanza kuzungusha, na maji ya taulo yakamwingia kiatuni. Akainama zaidi aone maji yanatoka wapi. Tai ikaingia kwenye rola.

Mtu mwingine angeacha kuzungusha. Yeye alikuwa anatazama kiatu. Alizungusha mara mbili zaidi kabla ya kugundua kwamba kinachomvuta shingo ni yeye mwenyewe. Kufikia hapo kidevu chake kilikuwa kimelala juu ya rola, na macho yake yanamtazama Shemeji kwa karibu sana.

Alijaribu kurudisha nyuma. Lile gurudumu la meno, ambalo Shemeji alilisifu wiki nzima, likafanya kazi yake bila kosa. Shemeji akaruka kwenda kukitafuta kifyatuo. Akapapasa kulia, akapapasa nyuma, akapiga magoti, akatoa kijasho. Hapo ndipo nilipong'amua kwamba yeye mwenyewe hajawahi kulitumia Kamulio hata siku moja. Tangu mwanzo aliyekuwa akilijaribu ni mkewe. Watu walianza kucheka, kwanza wa nyuma, kisha wote. Jaji wa tatu akasahau njaa.

Dada alipita katikati ya watu, akanipa mkoba, akasimama mahali pake mbele ya mashine. Mkono wa kushoto ulishuka, ukabonyeza, ukagusa mpini. Tai ikatoka imenyooka na imekaribia kukauka. Kwa kuwa mataulo yalikuwa bado kwenye ndoo, na Dada hawezi kuona nguo mbichi akaziacha, akayapitisha yote manne moja baada ya jingine, huku akimwelekeza jaji mkuu jinsi ya kukausha kiatu cha ngozi kisijikunje. Hakuitazama mashine hata mara moja. Kicheko kilikatika chenyewe.

Yule jaji mwenye miwani akasogea. "Bwana Fundi, wakati unaiunda hii ulimpima nani?"

"Mtu wa kawaida," Shemeji akasema, akamfungulia daftari.

Jaji akalisoma, akapandisha miwani. "Na huyu mtu wa kawaida yuko wapi?"

Shemeji akamwonyesha Dada.

Ukumbi ulipasuka upya, na siwalaumu. Dada yangu akisimama kwenye foleni, wa nyuma yake hudhani kuna nafasi. Futi nne na nusu, na hiyo ni pamoja na kilemba. Jaji akasubiri kelele zipungue, akasema kwa heshima kwamba mama huyu ni mfupi kuliko wengi, na tena anatumia mkono wa kushoto.

Shemeji akageuka akamtazama mkewe, kisha akautazama mkono wake, kisha akamtazama tena.

"Mke wangu, wewe unatumia kushoto?"

"Tangu nizaliwe."

"Mbona hukuniambia?"

"Tuna miaka kumi na tisa ya ndoa, Fundi. Nilidhani umeona."

Jaji mkuu, ambaye alikuwa amepata tena pumzi na adabu zake, alitoa uamuzi bila kinyongo. Alisema mashine ni nzuri sana kwa mteja mmoja, na mteja huyo ameshaipata. Akaandika kitu kwenye karatasi, akaenda zake, kiatu kimoja kikitoa sauti ya maji. Tulikaa hadi ukumbi unafungwa. Watu walikuja kumpa Shemeji mkono na kumpigapiga bega, lakini hakuna hata mmoja aliyelitaka Kamulio.

Turudi kwangu kidogo, kwa sababu aibu ile haikuwa ya Shemeji peke yake. Mimi nilijua. Mimi ndiye niliyesoma na Dada shule moja, nikamwona mwalimu akimfunga mkono wa kushoto kwenye kiti kwa kitambaa, mpaka akajifunza kuandika kwa kulia, herufi zikilala chali. Nilijua tangu utotoni, na kila siku nikagonga nyonga kwenye kile kitasa, nikakabwa na ile kamba, nikapambana na ule waya wa pasi, wala sikuwahi kuunganisha mambo hayo mawili. Karani mzima wa masjala. Nilichekesha watu kazini kwa habari ya mtu aliyekosea kila kitu, kumbe hakukosea hata nusu inchi.

Jumapili asubuhi nilimkuta Shemeji uani na bisibisi. Alikuwa amepiga magoti mbele ya mlango, anafungua kitasa. Akanieleza kwamba kabla hajaondoka kwenye ufundi huu anataka kuacha nyumba katika hali ya kawaida: kitasa kiinuliwe, kamba ipandishwe, waya wa pasi uhamie kulia, kila kitu kiwe kama kwa watu. Hata mimi, alisema, nitapumzika. Ningepaswa kushangilia. Sikushangilia.

Dada alitokea na beseni. Akasimama pale mlangoni ambapo kiwiko chake hakikukuta kitu, akalitua beseni chini, jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa muda mrefu.

"Kirudishe," akasema.

Shemeji akaanza kueleza habari za vipimo. Dada akamkatiza, na sikumsikia kuongea hivyo tangu tulipomzika mama.

"Huko nje kila kitu nakishika kinyume. Mkasi, kopo, mlango wa duka, kalamu waliyoifunga kamba benki. Kutwa nzima naifikiria mikono yangu. Nikiingia humu ndani siifikirii. Miaka yote nilidhani ni kwa sababu nimeizoea nyumba. Kumbe ni wewe."

"Lakini sikujua," Shemeji akasema. "Haki ya Mungu sikujua."

"Najua hukujua. Ungejua ungeniundia kitu kimoja cha kilema, ukakiita jina, ukanionyesha kwa wageni. Wewe uliniangalia tu ninavyofanya, ukaona ndivyo watu wanavyofanya."

Shemeji akabaki amepiga magoti, bisibisi mkononi. Machozi yalimtoka, akasingizia kutu ya kitasa. Mimi niliuliza, kwa ajili ya kuokoa hali, je, na shingo yangu? Dada akanijibu niwe nainama. Kitasa kikarudi mahali pake kabla chai haijapoa.

Lakini ahadi ni ahadi, na Shemeji ni mtu wa neno lake. Jumatatu saa kumi na mbili na nusu alitoka chumbani amevaa ovaroli. Vifungo vitatu vya katikati vilikataa, akaviziba kwa mkono. Alikuwa amechana nywele. Alisimama mlangoni akisubiri mtu amwambie kwa heri, na sura yake ilikuwa ya mtoto anayepelekwa kudungwa sindano. Dada alikuwa tayari amevaa viatu vya kutokea. Akamwambia avue hilo vazi, kuna mteja ameleta mapazia kumi na mawili na yeye hana pa kuyatundika yakatiririka maji bila kugusa sakafu, akae hapo alifikirie jambo hilo. Kisha akatoka, nami nikafuatana naye, kwa kuwa kiwanda kiko njia moja na ofisi yangu.

Tulimkuta msimamizi getini. Alifurahi, halafu akatazama nyuma yetu akaona hakuna mtu mwingine. Dada akamsalimu vizuri, akamshukuru kwa kumshikia mume wake nafasi, akamwomba sasa ampe mtu mwingine.

Msimamizi aliumia, na alionyesha. Akauliza kama fundi wake amepata kazi mahali.

"Anayo kazi," Dada akasema. "Ananitengenezea vitu."

Msimamizi akakuna kichwa. Alisema haya, ila lazima iandikwe kwamba nafasi imekataliwa, asije yeye akalaumiwa na wakubwa, na aliyeleta taarifa aweke jina na sahihi. Akasukuma karatasi kupitia kidirisha cha lindo, na kalamu juu yake.

Niliuona mkono wa kulia wa Dada ukitangulia kuifuata kalamu, jinsi ulivyofundishwa. Ukafika nusu ya njia, ukasimama. Akauteremsha, akaichukua kalamu kwa kushoto. Msimamizi akautazama ule mkono, akanitazama mimi. Dada aliinamia karatasi, akaandika jina lake lote, polepole, herufi kubwa zinazopanda na kushuka, akarudia moja iliyokosa mkia.

Mwandiko ulikuwa mbaya, lakini ulisomeka.